Dume na Jike: Mambo Tuliyofundishwa na Wadudu



Mtoto anapozaliwa, watu waliongoja nje huuliza kwanza, "Ni mume au ni mke?" Nyuma ya swali hilo liko swali jingine, ambalo wanadamu wa kila nchi wameliuliza tangu kale: Ni jambo gani lililokata shauri kwamba huyu awe dume na yule awe jike? Katika mazungumzo haya nataka kuwaelezeni jinsi swali hilo lilivyopata jibu. Waliotupa jibu lenyewe ni viumbe wadogo ambao kwa desturi twawaua kwa kiganja au kwa kiatu, yaani panzi, mbawakawa, inzi, nyuki na mbu.

Watu wa zamani walijibu kwa kukisia. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba joto ndilo lenye nguvu: mbegu ikishinda kwa joto, huzaliwa dume, ikishindwa, huzaliwa jike. Hata katika mwaka 1889 wataalamu wawili wa Scotland, Patrick Geddes na J. Arthur Thomson, waliandika kitabu kizima wakisema kwamba chakula kingi huelekeza kiumbe kuwa jike, na uhaba huelekeza kuwa dume. Katika vijiji vingi, huku kwetu na nchi za mbali vilevile, watu wamelikatiza jambo hili kwa njia iliyo nyepesi zaidi na yenye uchungu zaidi: wamemlaumu mama. Mwanamke akizaa binti watano mfululizo, hunenwa, huletewa mke mwenza, na pengine hurudishwa kwao na vyombo vyake kichwani. Basi yafaa tujue kama lawama hiyo ina msingi.

Wa kwanza kuonyesha kwamba jambo hili lina sheria yake alikuwa mfuga nyuki. Johann Dzierzon alikuwa padre katika nchi ya Silesia, na alikuwa na mizinga mingi. Mwaka 1845 alitangaza jambo ambalo watu wengi walilikataa kwa hasira. Alisema ya kwamba malkia wa nyuki hutaga mayai ya namna mbili. Yai lililopata mbegu ya baba hutoa jike, naye huwa mfanya kazi au malkia. Yai lisilopata mbegu hutoa dume. Kwa hiyo nyuki dume hana baba, ingawa ana babu. Miaka mingi ilipita katika ubishi, lakini mwishowe ikaonekana kwamba padre amesema kweli. Hata hivyo, sheria ya nyuki haikuwa sheria ya viumbe wote, maana kuku, ng'ombe na mwanadamu hawazai bila ya baba. Ilibidi kutazama ndani zaidi.

Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe ndogo mno, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Ndani ya kila chembe mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi fupi ambazo huonekana kwa hadubini, kile chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Nyuzi hizo huitwa kromosomu. Juu yake zimepangika jeni, kama shanga katika uzi, na kila jeni ina amri yake katika kuujenga mwili. Kwa desturi kromosomu hukaa jozi jozi, moja imetoka kwa mama na ya pili imetoka kwa baba. Mbegu au yai linapotengenezwa, kila jozi hugawanyika, ikatoka moja tu katika kila jozi.

Mwaka 1891 Mjerumani mmoja, Hermann Henking, alikuwa akitazama mbegu za mdudu mwekundu ambaye ni wa jamii moja na kangambili, yule anayetia madoa pamba mashambani. Akaona ajabu. Mdudu dume alikuwa na kromosomu 23, hesabu isiyogawanyika sawa kwa mbili. Moja haikuwa na mwenziwe. Mbegu zilipogawanyika, nusu yake zilipata kromosomu 11, na nusu nyingine zilipata 12. Henking hakujua kitu kile cha ziada ni nini, hata hakuwa na hakika kama ni kromosomu kweli. Basi akakiandika kwa herufi X, kama tufanyavyo katika hesabu tukitaka kutaja jambo lisilojulikana. Herufi hiyo imebaki mpaka leo, na siku hizi hata watoto wa shule hutaja X wasijue kwamba maana yake ya kwanza ilikuwa "sijui."

Miaka kumi na moja ikapita. Katika Marekani, Clarence McClung wa chuo kikuu cha Kansas alikuwa akichunguza panzi. Mwaka 1902 alifikiri hivi: mbegu ni za namna mbili, nusu kwa nusu, watoto nao ni wa namna mbili, nusu kwa nusu. Je, haiwezekani kwamba X ndiyo hukata shauri? Hilo lilikuwa wazo kubwa, wala hakuna aliyelitamka waziwazi kabla yake. Walakini McClung alidhani kwamba X huleta dume. Sababu ni kwamba mwanafunzi wake, Walter Sutton, alihesabu kromosomu za panzi jike akapata 22, na za dume 23. Basi ikaonekana kwamba aliye na X ni dume. Kumbe panzi yule jike ana 24. Makosa ya kuhesabu vitu viwili tu yaligeuza juu kuwa chini. Ninyi wanafunzi mnaodhani hesabu ndogo hazina maana, likumbukeni jambo hili.

Aliyeweka jambo sawa alikuwa mwanamke. Nettie Stevens alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la Vermont, binti wa seremala. Alifundisha shule miaka mingi, akaweka akiba, na alipofika umri wa miaka 35 akaingia chuo kikuu cha Stanford, wakati ambapo wengi wa rika lake waliona masomo yamewapita. Mwaka 1905, akiwa katika chuo cha Bryn Mawr, aliandika habari za mbawakawa wa unga, yule ambaye funza wake hukaa katika unga uliosahauliwa ghalani. Aliona kwamba jike ana kromosomu kubwa 20. Dume naye ana 20, lakini 19 ni kubwa na moja ni ndogo sana. Basi mbegu za dume ni za namna mbili, nusu zina ile kubwa na nusu zina ile ndogo, lakini mayai yote ya jike ni sawasawa. Yai likipata mbegu yenye kromosomu kubwa, huwa jike. Likipata yenye ndogo, huwa dume. Ile kubwa ndiyo X, na ile ndogo ikaja kuitwa Y. Mwaka huohuo Edmund Wilson wa chuo kikuu cha Columbia aliona mambo yaliyolingana na hayo katika wadudu wa jamii ya kunguni. Wilson alikuwa mtu mashuhuri, na kwa muda mrefu vitabu vilimpa yeye sifa yote. Stevens alifariki mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 50. Siku hizi jina lake limerudishwa mahali pake.

Sasa tazameni maana ya kazi ya mbawakawa yule. Mayai yote ni sawa. Mbegu ndizo zinazotofautiana. Baadaye ilionekana kwamba hata mwanadamu yuko hivyo: mama ana X mbili, baba ana X na Y. Kwa hiyo anayelaumu mkewe kwa kuzaa binti anamlaumu kwa jambo ambalo yai halikuwa na hiari nalo. Wala yafaa asijilaumu mwenyewe, maana hakuna mtu awezaye kuchagua mbegu itakayotangulia. Ni kama kurusha sarafu juu. Ikianguka mara tano upande mmoja, sarafu haina kosa.

Lakini msidhani kwamba kila mdudu yuko kama mbawakawa. Mwaka 1906 Waingereza wawili, Doncaster na Raynor, walionyesha kwa kuzalisha nondo kwamba katika nondo mambo ni kinyume. Huko dume ndiye mwenye jozi iliyo sawa, na jike ndiye mwenye jozi isiyolingana, basi yai ndilo hukata shauri. Vivyo hivyo katika nondo wa hariri. Mtaalamu wa Kijapani, Hashimoto, alionyesha mwaka 1933 kwamba kromosomu moja iliyo kwa jike tu ndiyo humfanya awe jike.

Hata viumbe wenye X na Y hawafuati sheria moja. Tangu mwaka 1910 Thomas Morgan na wanafunzi wake katika chuo cha Columbia walifuga maelfu ya wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Mwanafunzi mmoja, Calvin Bridges, aliona mwaka 1916 kwamba mara chache huzaliwa inzi mwenye X mbili na Y moja. Naye ni jike. Na mwenye X moja pasipo Y ni dume, ila hazai. Basi kwa inzi huyo Y haina neno katika kukata shauri. Hesabu ya X ndiyo huamua. Kwa mwanadamu ni kinyume: mwenye Y huwa mume hata akiwa na X mbili, jambo lililojulikana mwaka 1959. Herufi ni zilezile, kazi ni mbalimbali.

Hapo pakazuka swali jipya. Ikiwa kromosomu hukaa jozi zilizo sawa, kwa nini jozi hii moja hailingani? Kwa nini Y ni ndogo na maskini, na katika panzi imepotea kabisa?

Jibu lilianza kuonekana katika mwaka 1914, Hermann Muller, mwanafunzi mwingine wa Morgan, alipoeleza jinsi Y inavyoweza kuharibika. Wengine wamelijenga mpaka leo. Nitalieleza kwa mfano wa shule. Fikirini wanafunzi wawili wanaonakili kitabu kimoja. Kila mwaka hunakili upya na kutupa nakala ya zamani. Hapana budi makosa yaingie. Lakini wawili hao wakiketi pamoja na kubadilishana kurasa, yule aliyekosea hapa hupata ukurasa mzuri wa mwenziwe, na kitabu huendelea kuwa safi. Sasa mmoja akatengwa katika chumba peke yake, asibadilishane na mtu. Kosa la mwaka huu atalinakili mwaka ujao, na juu yake ataongeza jingine. Baada ya miaka mingi kitabu chake hakisomeki, na kurasa nyingi zimeng'oka.

Ndivyo ilivyo. Hapo mwanzo X na Y walikuwa ndugu pacha, jozi ya kawaida kama nyingine. Siku moja jeni katika mmoja wao ikabadilika, ikapata nguvu ya kumfanya mwenye kuichukua awe dume. Karibu nayo zikakusanyika jeni nyingine zinazomfaa dume na kumdhuru jike. Ikawa heri zisitenganishwe, na kubadilishana kurasa kukakoma katika sehemu hiyo. X iliendelea kuwa safi, maana ikiingia kwa jike hukutana na X mwenziwe. Y haikutani kamwe na Y mwenziwe. Imefungiwa chumbani, nayo ikaanza kuoza.

Jambo hili si kisa cha kubuni. Katika Amerika ya Kaskazini yuko inzi wa jamii ya wale wa matunda, aliyepewa jina la miranda na Theodosius Dobzhansky mwaka 1935. Kwa inzi huyu kromosomu moja ya kawaida iliungana na Y, yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Na kwa kuwa katika jamii hiyo ya inzi madume hawabadilishani kurasa za kromosomu zao hata kidogo, kromosomu ile ilifungiwa siku ileile. Wataalamu walipoisoma, jeni kwa jeni, walikuta nyingi zimekwisha haribika, hali ndugu yake aliyebaki upande wa X ni mzima. Tunamwona Y akioza mbele ya macho yetu.

Wala cheo cha X si cha milele. Inzi wa matunda anayo kromosomu moja ndogo mno, kama nukta, ambayo watu waliihesabu kuwa ya kawaida. Mwaka 2013 Beatriz Vicoso na Doris Bachtrog walionyesha kwamba nukta ile ndiyo iliyokuwa X katika inzi wa zamani. Iliondolewa katika kiti chake, ikarudi kuwa raia kama wengine, na kromosomu nyingine ikakaa mahali pake.

Katika inzi wa nyumbani mabadiliko ya namna hiyo yanaendelea hata leo. Jeni yake ya udume mara nyingi hukaa katika Y, lakini katika sehemu nyingine za dunia inzi walewale wanayo katika kromosomu nyingine kabisa. Huko Ulaya inzi wa kaskazini kwenye baridi huwa nayo katika Y, na wale wa kusini huwa nayo kwingineko. Mwaka 2017 jeni hiyo ilitambuliwa. Kumbe ni nakala ya jeni ya kawaida iliyokuwa na kazi nyingine, ikanakiliwa na kupewa cheo kipya. Katika nyuki nako ilijulikana mwaka 2003 kwamba jeni moja huamua. Yai lenye namna mbili za jeni hiyo huwa jike. Lenye namna moja tu huwa dume. Ndiyo sababu yai lisilo na baba hutoa dume.

Je, ikiwa wakuu hubadilika hivyo, kazi huendeleaje? Hili ndilo nataka mlishike kuliko yote. Chini ya mkuu wako watumishi, na chini ya watumishi yuko fundi mwenye kutenda kazi yenyewe. Mwaka 1945 Alfred Sturtevant alitangaza kwamba ameona jeni ambayo ikiharibika, inzi aliyepaswa kuwa jike hugeuka kuwa na umbo la dume. Hiyo ni mtumishi. Baadaye ikapatikana nyingine iliyo chini yake, iitwayo doublesex. Hiyo ndiyo fundi. Ikipokea amri ya namna moja, hujenga dume. Ikipokea ya namna ya pili, hujenga jike. Ukitazama karibu wadudu wote, inzi, nyuki, mbawakawa, nondo, mbu, utaikuta doublesex. Mkuu hupinduliwa, tarishi hubadilika, bali fundi amebaki palepale kwa mamilioni ya miaka, kwa kuwa nyumba haiwezi kujengwa bila yeye.

Mtu anaweza kuuliza, "Elimu hii yatufaa nini sisi tulio na jembe mkononi?" Jibu liko katika chandarua. Anayeuma ni mbu jike peke yake. Mbu dume hunywa maji matamu ya maua. Katika mwaka 2023 malaria iliua watu karibu 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Kila mmoja wao aliumwa na jike. Basi anayejua ni nini humfanya mbu awe jike anajua jambo kubwa.

Mwaka 2015 ilitambuliwa jeni iitwayo Nix, ambayo humfanya dume yule mbu aenezaye homa ya manjano. X na Y zake bado ni pacha karibu sawasawa. Tofauti ni kipande kidogo tu. Mwaka 2016 ikatambuliwa jeni ya udume ya mbu wa malaria wa huku kwetu, Anopheles gambiae, nayo ikaitwa Yob. Jeni mbili hizo si ndugu. Mbu wawili wanaofanana machoni petu wanatawaliwa na wakuu wasiojuana.

Ndipo wataalamu wakamtazama fundi. Mwaka 2018 watu wa chuo cha Imperial katika London walieleza jinsi walivyoharibu kwa makusudi ile sehemu ya doublesex inayojenga jike katika Anopheles gambiae, wakaifanya irithiwe kwa karibu watoto wote. Jike aliyerithi uharibifu huo kwa baba na kwa mama hakuweza kunywa damu wala kutaga. Katika vizimba viwili mbu wote walikwisha, kimoja katika vizazi 7, cha pili katika vizazi 11. Walichagua mahali hapo kwa kuwa fundi yule hawezi kubadilika kwa urahisi ili kujiponya. Jambo hilo lilifanyika vizimbani. Kama lifanywe nje, katika mabwawa na mashamba ya watu, ni shauri linalotaka akili nyingi na ridhaa ya wenye nchi, nao hawawezi kutoa ridhaa wala kukataa kwa haki kama hawaelewi jambo lenyewe. Ndiyo sababu nimeona si vema habari hizi zibaki kwa wataalamu peke yao.

Toka kwa padre na mizinga yake mpaka kizimba cha mbu ni miaka 173. Katika muda huo lawama iliyowekwa juu ya kichwa cha mama imeondolewa na mbawakawa wa unga, na adui wa watoto wetu ameonekana mahali alipo dhaifu. Mtakapoona usiku wa leo mdudu mdogo akizunguka taa, kumbukeni ya kwamba wa jamii yake ndio waliotufumbua macho.